Hell's Gate kwa baiskeli: piga hesabu ya kurudi

Hell's Gate, kando ya Ziwa Naivasha, ni mojawapo ya hifadhi chache za taifa nchini Kenya ambamo unaruhusiwa kupita katikati ya pundamilia na twiga ukiwa juu ya baiskeli. Barabara yake ni pana, haina mlima wa kutisha, na kutoka lango la Elsa hadi kituo cha askari penye Korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8 tu. Ndiyo maana wengi huichukulia kama matembezi ya baada ya chai. Ikifika saa 8 mchana unawaona wakisukuma baiskeli kando ya barabara, chupa tupu, shingo zimeiva kwa jua.

Tatizo liko kwenye umbo la bonde lenyewe. Zamani za kale Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina kuliko hili la leo. Maji yalipozidi yalifurikia upande wa kusini, yakajichimbia mfereji wa kutokea, na mfereji huo ndio korongo hili. Ziwa limeshuka, mfereji umekauka, lakini barabara ya hifadhi bado inafuata njia ileile, na maji hufuata mkondo. Kutoka langoni unateremka kidogo kidogo bila kujijua, ukijiona hodari. Wakati wa kurudi unapanda kidogo kidogo, jua utosini, na kila mita unaihisi. Safari ni rahisi kweli, hata kwa mtu ambaye hajapanda baiskeli tangu shule ya msingi, mradi maji, muda na nguvu vipimwe kwa ajili ya kurudi.

Kufika na kulipa

Naivasha iko kama kilomita 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Ukishuka mjini, panda matatu ya barabara ya Moi South Lake, useme unashukia njia panda ya Hell's Gate. Hapo ni kilomita 16 hivi kutoka mjini. Kutoka njia panda hadi lango la Elsa ni kama kilomita 2 za barabara ya vumbi. Baiskeli hukodishwa njia panda na pia karibu na lango. Ukikodi njia panda, kile kipande cha kwenda langoni kitumie kama jaribio: gia ikiwa inaruka au kiti kinashuka, utajua ukiwa bado unaweza kurudi kubadilisha.

Kiingilio hakilipwi kwa noti. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linapokea malipo kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, na baiskeli nayo ina ada yake. Lipa kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu mtandao wa simu ukisuasua langoni utapoteza nusu saa ya asubuhi, na hiyo ndiyo nusu saa bora ya siku nzima. Beba kitambulisho halisi, maana bei ya raia si bei ya mgeni. Na jambo ambalo watu husahau: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya, na chupa za maji za dukani zimo. Njoo na chupa ngumu ya kujazwa tena.

Ukaguzi wa dakika kumi

Hapa usione haya. Mwenye baiskeli atakuambia zote ni nzima. Mwitikie vizuri, kisha inama ukague mwenyewe kabla hujatoa pesa.

Anza na breki. Bana mkono wa breki kwa vidole viwili: ukigusa usukani kabla baiskeli haijakamata, waya umelegea au raba zimekwisha. Bana ya mbele peke yake na uisukume baiskeli kwenda mbele; gurudumu la nyuma linapaswa kutaka kuinuka. Kisha bana ya nyuma na usukume. Gurudumu liburuzwe bila kuzunguka. Tazama raba zenyewe. Zinatakiwa kugusa chuma cha ringi tu. Raba inayogusa tairi italitoboa ubavuni kabla hujafika kwenye korongo, na tobo la ubavuni halizibiki kwa kiraka cha kawaida. Ukiwa hapo, jua pia mkono upi ni wa breki ya mbele. Baiskeli hazifanani: nyingine ni wa kulia, nyingine wa kushoto, na hilo si jambo la kulijua katikati ya mchanga.

Inua gurudumu la mbele ulizungushe, ukiangalia nafasi kati ya ringi na raba. Likiyumba kiasi cha kugusa upande mmoja, lina spoki zilizolegea. Bana spoki mbili mbili kwa vidole: zote zikaze karibu sawa. Moja ikiwa inacheza kama uzi wa nguo, kataa hiyo baiskeli. Halafu shika ringi uivute huku na huku. Ikigonga "tok, tok", beringi za ekseli zimelegea. Kama gurudumu linafungwa kwa kile kimkono badala ya nati, kifungue na ukifunge upya. Kinatakiwa kianze kukaza kikiwa kimenyooka kutoka kwenye fremu, na ukikisukuma hadi mwisho kiache alama kwenye kiganja. Kikifungika kwa kidole kimoja, hakijafunga.

Usukani: bana breki ya mbele na uyumbishe baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi kitu kinachocheza chini ya usukani, fundi akikaze palepale. Kisha simama mbele, bana gurudumu la mbele kati ya magoti, ujaribu kuuzungusha usukani. Ukizunguka peke yake huku gurudumu limetulia, omba spana.

Cheni ivute kutoka sehemu ya mbele kabisa ya gurudumu la meno la mbele. Ikikaa imeng'ang'ania, nzuri. Ikitoka na kuacha meno wazi, imechakaa, na itaruka kila utakapokanyaga kwa nguvu kwenye mwinuko. Gia zijaribu ukiwa unaendesha, zote za nyuma, moja baada ya nyingine. Baiskeli nyingi za kukodi zina tatu mbele na saba nyuma. Usidai zote 21 zifanye kazi. Dai ya kati ya mbele pamoja na zote saba za nyuma, na hizo zinatosha kwenda na kurudi.

Kiti ndicho kinachoumiza watu wengi. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukihamia kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kama inavyopasa, goti litabaki limekunjika kidogo. Watu hupenda kiti kikiwa chini ili miguu yote miwili iguse ardhi. Unajihisi salama, lakini magoti yanalipa kilomita nane za kurudi. Kiti kikiwa juu, hakikisha ule mstari ulioandikwa kwenye nguzo yake haujaonekana. Ukionekana, nguzo inaweza kupinda au kupasua fremu. Ukishapata urefu, chora alama kwa kalamu au zungusha kipande cha utepe wa gundi. Viti vya kukodi hushuka taratibu, nawe hutagundua mpaka magoti yaanze kulalamika.

Upepo wa tairi

Wakodishaji wengi hujaza tairi likawa jiwe, kwa sababu tairi gumu haliwaletei pancha za kubana. Wanaopata shida ni mikono na kiuno chako. Kwa mtu wa kilo 65 hadi 75, kwenye tairi la upana wa inchi 2 lenye tyubu, PSI (kipimo cha nguvu ya upepo) 30 mbele na 35 nyuma zinafaa barabara hii. Ukizidi kilo 85 ongeza 5 kila upande. Chini ya 25 usishuke: ukigonga jiwe, ringi itaibana tyubu na kuiachia matobo mawili yanayotazamana.

Kama hakuna kipimo, bonyeza tairi kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote. Libonyee kidogo tu. Kisha kaa juu ya baiskeli na mtu atazame tairi la nyuma: livimbe kidogo pembeni linapogusa ardhi, bila ringi kukaribia chini.

Barabarani

Uwe langoni saa 1 asubuhi. Hewa ni baridi, vumbi bado limelala, na wanyama wako karibu na barabara. Nguzo ya mwamba utakayoiona muda mfupi baada ya lango ni Fischer's Tower, kama mita 25 kwenda juu, iliyopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883. Pimbi wamejazana chini yake. Ni mahali pazuri pa kusimama na kukaza chochote kilicholegea.

Udongo ni wa volkano, mwepesi, mchanganyiko wa majivu na kokoto. Unakuwekea mitego miwili.

Wa kwanza ni matuta madogo madogo yaliyopangana kama mabati, yanayochimbwa na magurudumu ya magari. Ukiyapanda umekaa, kiti kinakupiga. Nyanyuka kidogo, pedali ziwe sambamba na ardhi, magoti na viwiko vimekunjwa, vidole vishike usukani kwa ulegevu. Anayeubana usukani ndiye anayerudi na viganja vimekufa ganzi. Kisha tafuta ukingo: mara nyingi kuna kipande laini cha upana wa shubiri mbili pembeni. Usitoke nje zaidi ya hapo. Kwanza ni marufuku kuacha barabara, na pili majani yamejaa miiba ya migunga.

Wa pili ni mchanga. Utauona mbele, rangi yake imepauka kuliko njia. Badilisha gia iwe nyepesi kabla ya kuufikia, kwa sababu ndani yake huna mwendo wa kubadilishia. Sogeza uzito nyuma kidogo, endelea kukanyaga kwa mwendo uleule, tazama mahali unapotaka kutokea, uache gurudumu la mbele licheze kidogo lenyewe. Ukikata kona kwa ghafla au ukibana breki ya mbele, gurudumu linazama na wewe unapita juu ya usukani. Ukishindwa, shuka usukume mita kumi. Hakuna anayekuhesabia.

Kiasi cha maji ya kunywa: lita 3 kwa mtu mzima. Uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa baridi unakudanganya huku jua linachoma. Kunywa mafunda mawili kila robo saa, hata kama huna kiu, na ukifika kwenye korongo lazima zibaki angalau lita moja na nusu. Zikiwa chini ya hapo, jaza kituoni kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Wanyama

Pundamilia, twiga, swala, kongoni, pofu na ngiri wamezoea baiskeli, ila hawajazoea kukimbiliwa. Wakiwa barabarani, simama kama mita 50, weka mguu chini na usubiri. Usipige kengele, na usipite kati ya mama na mtoto. Ngiri hutoka kwenye majani bila taarifa na mkia juu, kwa hiyo punguza mwendo penye vichaka vya leleshwa.

Nyati ni habari nyingine. Wakiwa kundi kubwa mbali, endelea taratibu upande wa pili wa barabara. Dume aliye peke yake, hasa aliyelala kichakani karibu na njia, ndiye wa kuogopa. Akiinua kichwa na kukukazia macho, usimpite. Rudi nyuma polepole ukimtazama, kisha ngoja gari. Simamisha dereva, mwambie unataka kupita ukiwa upande wa pili wa gari lake. Madereva wa hapa wanalijua jambo hili na hawakatai.

Nyani na tumbili wanatawala eneo la kupumzikia karibu na korongo. Wanaitambua mifuko. Ndizi, maandazi na karanga ziwe ndani ya begi lenye zipu, begi liwe mgongoni, na ule umesimama. Ukiliweka begi kwenye usukani ukageuka kupiga picha, chakula kimekwenda.

Kwenye korongo

Baiskeli hubaki kituoni. Pitisha kufuli kwenye fremu na gurudumu la mbele, ondoka na pampu yako, na usiache kofia ikining'inia, maana tumbili hawachagui. Kushuka korongoni ni kwa miguu na kwa kiongozi, kama saa moja hadi mbili, kwenye viatu vyenye meno. Kuna mahali maji ya moto yanatiririka ukutani. Usiweke mkono kabla kiongozi hajakuonyesha yapi yanaguswa.

Jambo la mvua halina mzaha. Mwezi Aprili 2012 watu saba walifariki humo kwa mafuriko ya ghafla, na Septemba 2019 wakafariki wengine saba. Mvua si lazima inyeshe ulipo. Inanyesha vilimani, maji yanakusanyika, yanaingia kwenye mlango mwembamba wa mwamba wenye kuta zisizopandika. Mawingu mazito yakionekana upande wowote, usishuke. Askari wakisema korongo limefungwa, limefungwa. Geuza baiskeli, bonde lenyewe linatosha. Kati ya Machi na Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, lichukulie kuwa huenda likafungwa, usije kwa ajili yake peke yake.

Njia nyingine zipo, mojawapo ni mzunguko wa Buffalo, na barabara za upande wa Olkaria, penye mitambo ya umeme wa mvuke na mabomba yake. Zote zina vilima, na Olkaria ina malori. Kwa siku ya kwanza ziache.

Kurudi

Ondoka kituoni kabla ya saa 6 mchana ukiweza, na isizidi saa 8. Kwenda huchukua dakika 45 pamoja na kusimama; kurudi kuhesabie saa moja na robo. Lango hufungwa saa 12 jioni, lakini ukibaki hadi saa hizo hujatalii, umechelewa.

Weka gia ya kati mbele na ya pili au ya tatu kwa ukubwa nyuma. Pedali zizunguke upesi bila kusukumwa. Kipimo ni hiki: hesabu mara ngapi goti la kulia linapanda ndani ya sekunde 15. Likipungua chini ya mara 15, gia ni nzito, shusha moja. Wengi hukaa kwenye gia nzito kwa sababu inaonekana ya kiume, na ndio hao wanaosukuma baadaye. Kivuli ni kidogo bonde zima, kwa hiyo simama dakika mbili kila kilomita mbili badala ya kumngoja uchovu akusimamishe yeye. Mkiwa kundi, anayekwenda polepole awe mbele, mwenye nguvu nyuma.

Mpango wa kumalizia siku kwa kuzunguka ziwa kwa baiskeli usiuweke. Barabara ya lami ya kusini mwa ziwa ni nyembamba na ina malori, na ufukwe una viboko wanaotoka majini kula nyasi jioni. Boti ni bora.

Pancha

Beba tyubu moja ya akiba ya kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi (inchi 26, 27.5 au 29), vijiko viwili vya kutolea tairi, viraka, solusheni, kipande cha msasa na pampu. Angalia kwanza mdomo wa valvu: mnene kama wa gari au mwembamba. Pampu isiyoingia ni mzigo tu.

Toa gurudumu. Kwa la nyuma, weka kwanza gia ndogo kabisa ya nyuma ili cheni ilegee. Toa tairi upande mmoja tu, ukianzia mbali na valvu. Tia tyubu upepo, ipitishe karibu na mdomo. Midomo husikia upepo mdogo kuliko masikio. Ukipata tobo, rudisha tyubu juu ya gurudumu valvu ikiwa mahali pake, na tobo litakuonyesha sehemu ya tairi ilipo mwiba. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaziba, wanafunga, na mwiba uleule unatoboa tena baada ya mita mia. Pitisha kidole ndani ya tairi taratibu, maana mbali na miiba kuna vipande vya mawe meusi ya kioo vinavyokata kama wembe.

Sugua tyubu kwa msasa mpaka ipoteze ung'aro, paka solusheni nyembamba pana kuliko kiraka, na usubiri dakika tano. Solusheni ikiwa bado inang'aa, kiraka hakishiki. Bandika, kandamiza kuanzia katikati. Weka upepo kidogo kwenye tyubu kabla ya kuirudisha ili isijikunje, na umalizie kuvisha tairi kwa viganja. Ukitumia kijiko mwishoni, utabana tyubu na kuanza upya. Kabla ya kujaza, zunguka tairi lote ukitazama kama tyubu imechungulia mahali popote kati ya tairi na ringi.

Ukirudisha baiskeli, mwonyeshe mwenyewe ulipoziba. Wengine hudai fidia ya pancha, na kiraka kilichokaa vizuri huyapunguzia hayo mazungumzo urefu. Kama breki au gia ilikusumbua, mwambie ni ipi hasa, maana kesho asubuhi mtu mwingine ataichukua baiskeli hiyohiyo.